Zima, Washa, Imeshika

Jumatatu, 1 Septemba

Asubuhi yote kwenye lehemu. Visanduku vipya vinangoja vifuniko. Candia, mwenzangu wa karakana, hajatokea. Yeye hutafuta kazi kwa mdomo, mimi naifanya kwa mikono, na mdomo hauna haraka ya kuamka.

Mvua. Umeme umekatika, umerudi, umekatika tena. Arua sasa ni jiji, lakini taa hazijaambiwa.

Kabla ya chai, simu kutoka Koboko. Friji ya chanjo ya kituo cha afya imeganda. Si baridi ya kawaida, ni barafu. Kisanduku chetu ndicho kinachoilinda friji hiyo. Kinapima joto la ndani, kinawasha na kuzima mtambo wa baridi, na mambo yakiharibika kinatuma ujumbe kwenye simu za wauguzi. Safari hii hakikutuma kitu.

Aliyepiga simu hakuwa Sista Rukia, muuguzi wa pale. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Friji ile ni yake, na hunipigia mwenyewe hata akitaka tu kuniuliza kama nimekula.

Naandika kwa Kiswahili. Candia anakiongea vizuri sokoni, ila kukisoma kunamchosha. Afadhali, maana wiki hii nitamsema.

Jumanne, 2 Septemba

Koboko. Chanjo iliyoganda hujulikana kwa kutikisa. Unga wa dawa unazama upesi chini ya chupa, juu yanabaki maji matupu. Tumetikisa chupa moja moja, mimi na nesi kijana aliyepiga simu. Zile za pepopunda na zile za watoto wachanga, zote bure. Akina mama walikuwa wameshafika na watoto migongoni. Wamerudishwa. Hakuna aliyegomba. Wamefunga khanga wakaondoka, na ningependa wangegomba.

Sista Rukia ameambiwa akae nyumbani. Mkuu wa chanjo wa wilaya, mtu mrefu asiye na haraka ya maneno, anasema Sista alichezea mashine. Ushahidi wake: kisanduku kimekutwa na mipangilio ya karakanani badala ya ile tuliyoiweka pale. Nani aliifuta kama si mwenye friji? Kamati ya kituo itakaa Ijumaa ya wiki ijayo. Akionekana ana kosa, kazi imekwisha. Mama wa watu, amebakiza kidogo tu astaafu.

Nimefungua kisanduku. Faili la mipangilio lipo. Jina lipo. Ndani hamna hata herufi moja. Kisanduku kikikuta faili tupu hurudia mipangilio niliyokiwekea mimi mwanzoni hapa Arua, na hiyo ni ya sehemu ya kugandisha barafu za kubebea chanjo. Kimetii. Kimegandisha. Na namba za simu za wauguzi zinakaa ndani ya faili hilo hilo, kwa hiyo hakikuwa na mtu wa kumwambia.

Faili halijifuti.

Jumatano, 3 Septemba

Candia amefurahi. Nimemchukia kwa hilo. Wilaya inataka kuweka visanduku vyetu kwenye vituo vyake vyote, yeye ndiye aliyewazungusha mpaka wakakubali, na sasa anaona mlango wa kutokea: muuguzi alibonyeza vibaya, pole sana, tuendelee. Hajauliza chanjo ngapi zimekwenda.

Nimeweka kisanduku mezani. Nimebadilisha mipangilio, nimebonyeza kitufe cha kuhifadhi, nimesubiri, nimesoma. Iko. Nimebadilisha tena. Iko. Kutwa nzima. Mipangilio haikupotea hata mara moja.

Jioni, kwa muda mfupi, niliamini kwamba Sista alikichezea kweli. Sijipendi leo.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimerudi Koboko na kisanduku cha majaribio kwenye mkoba. Sikumwambia Candia.

Sista Rukia alikuwa uani anapepeta mtama kama mtu asiye na neno. Akaniwekea chai kwanza, halafu ndiyo nikaruhusiwa kuuliza. Nesi kijana alikuwa amepata laini mpya ya simu. Basi Ijumaa iliyopita, kabla ya kwenda swala, Sista akaiingiza namba mpya kwenye kisanduku. Ni hilo tu alilofanya.

Nikampa kisanduku changu, nikamwomba afanye vile vile. Akaingiza namba. Kidole cha kulia kikabonyeza kuhifadhi. Kidole cha kushoto, pale pale, kikazima swichi. Akawasha. Taa ikawaka, akanitazama kama mtu aliyefaulu mtihani.

"Imeshika," akasema.

Nikamuuliza kwa nini amezima.

"Kama hauzimi, utajua namna gani imeshika? Baba yangu alikuwa mutu ya redio, jeshini. Ukitafuta stesheni, unazima, unawasha. Ikirudi pale pale, hapo unaweza kulala. Sisi wote hapa iko nafanya hivyo. Hata televisheni."

Ni kweli. Mjomba wangu wa Koboko, naye mwana wa kambi ya jeshi, alikuwa akifanya hivyo hivyo kwa redio yake ya kaseti, na kwa betri ya sola, na kwa kila kitu chenye swichi. Nimeyaona mazoea haya tangu nikiwa mtoto. Nimetengeneza mashine ya watu wa Koboko na sikuyakumbuka hata siku moja.

Kisanduku changu kilikuwa kimerudi na faili tupu. Taa inawaka, joto linasomeka vizuri kwenye kioo, maana friji haigandi kwa dakika moja. Yeye aliona taa. Mtu yeyote angeona taa.

Sikumwambia. Sikuweza kufungua kinywa mbele ya ile chai. Nikasema nitarudi Ijumaa ya kamati. Akaniambia, "Enjinia, kula kwanza." Nikala.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimepata. Kadi yetu ya kumbukumbu inatumia FAT, mfumo wa faili ambao kila kompyuta inausoma. Programu yangu ikitaka kuhifadhi, inamwaga kilichomo kwanza, halafu inaandika kipya. Katikati kuna mwanya mdogo ambapo faili ni tupu. Mimi husubiri, kwa hiyo sijawahi kuuona mwanya huo. Sista hasubiri. Leo nimebonyeza na kuzima kama yeye, na faili limekuwa tupu. Nikarudia, likawa tupu. Mara moja kadi nzima ikakataa kufunguka. Nilicheka peke yangu.

FAT haina kosa lolote. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayesubiri.

Candia ana dawa: karatasi ya kubandika, USIZIME, kwa herufi nyekundu. Nikamuuliza kama aliwahi kuona karatasi ikishinda mkono. Mazoea yana taabu, na haya yamerithiwa kambini. Tukagombana mpaka fundi cherehani wa jirani akaja kuchungulia. Candia akasema kadi haiondoki. Maofisa wa wilaya wanapenda kuichomoa na kuisoma kwenye kompyuta zao, na kwa ajili hiyo tu ndiyo walitukubali. Mfumo mwingine wowote hawataweza kuufungua. Anasema kweli. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Halafu akasema tusiwaambie kamati. Tutengeneze kimya kimya. "Dada, kwani wao watajua?"

Mficha uchi hazai. Nilimwambia hivyo, kwa sauti.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimejaribu ujanja wa zamani. Usiguse faili la kwanza. Andika la pili kando yake, likikamilika libadilishe jina lichukue nafasi ya la kwanza. Asubuhi ilikwenda vizuri nikaanza kuimba.

Mchana nikazima mara moja vibaya, kadi ikafa. FAT ina orodha moja mwanzoni inayoeleza kila faili linakaa wapi, na orodha hiyo huandikwa juu ya ile ya zamani, pale pale. Umeme ukikatika hapo, hata faili ambalo hukuligusa linapotea. Ni kumzika mtu na kuzika njia ya kufika kaburini.

Nimeacha kuimba.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani, halafu nyumbani Manibe. Mama anaanika muhogo, anautoa mvua ikikatika, anaurudisha ikianza, anaitukana kwa heshima. Alinilisha enyasa, ugali wetu wa mtama na muhogo, na maharage, akaniuliza ninaolewa lini. Sikuwa na nguvu za kubishana.

Nikiwa nabeba muhogo niliona jambo. Nimekuwa nauliza: mfumo upi? Kumbe vitu ni viwili. Kumbukumbu za joto ni nyingi, zinaandikwa kila wakati, ikipotea mistari michache hakuna anayekufa. Zibaki kwenye kadi, maofisa waendelee kuchomoa. Mipangilio ni midogo, inabadilika mara chache, na ikipotea ndiyo haya tuliyo nayo. Ikae mbali na kadi, kwenye chipu iliyo ndani ya bodi.

Na kwenye chipu hiyo niweke littlefs. Ni mfumo mdogo wa bure, wa vifaa vya aina hii. Hauandiki juu ya cha zamani. Unaandika kipya mahali pengine, unakikagua, na mwisho kabisa ndipo unapogeuza kidole cha kuonyesha: sasa ni hiki. Umeme ukikatika kabla, kidole bado kiko kwa cha zamani. Tena hauchoshi sehemu moja ya chipu. Unahamahama kama Mama anavyopumzisha shamba.

Nililijua jina lake zamani. Niliona FAT inatosha.

Jumatatu, 8 Septemba

Kazi. Chipu ni ndogo na programu yangu imenenepa. Nimekata michoro ya kioo, nimekata nembo aliyoipenda Candia, nimekata salamu ya asubuhi. Imeingia.

Mipangilio ya karakanani nimeibadilisha pia. Kisanduku kikipoteza kila kitu, kirudie baridi ya friji, kati ya nyuzi mbili na nane, kisirudie barafu kamwe. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Nimekaa nikaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoiandika.

Candia ameleta chapati, ameziweka mezani, ametoka. Hatusemeshani.

Jumanne, 9 Septemba

Nimetengeneza mkono wa Sista Rukia. Ni swichi ya umeme kutoka kwenye stebilaiza mbovu, na programu inayoikata wakati wowote ipendao, mara tu baada ya kuhifadhi. Kutwa nzima imekata. Tak, tak, tak. Fundi cherehani ameomba tuhame.

Faili halijawa tupu hata mara moja.

Lakini mara nyingine kisanduku kinaamka na namba ya zamani. Kimekatwa kabla ya kugeuza kidole. Ndivyo kilivyoahidi: kipya kizima au cha zamani kizima, kamwe si nusu. Najua hilo. Kamati haitajua. Wataona mashine imeambiwa neno na imelisahau, mbele ya macho yao, na mama wa watu amekaa pale.

Candia ameliona pia. Mara ya kwanza tangu Ijumaa amefungua mdomo. Tuicheleweshe swichi, akasema, siku ya kamati tu, kisanduku kisizimike upesi. Watafurahi wote.

Nikasema hapana. Alikuwa anasaidia, kwa njia yake. Hapana tu.

Jumatano, 10 Septemba

Sista huzima ili ajue kama imeshika. Basi kisanduku kimjibu. Nimeongeza jambo moja: kikiwaka, kabla ya kuonyesha joto, kinaonyesha kile kinachokumbuka. Baridi kiasi gani. Namba za simu zipi. Asome mwenyewe. Zamani kilimpa taa tu, na taa ilimdanganya.

Naogopa. Si kisanduku ninachokiogopa. Naogopa kusimama na kusema.

Sista amepiga. Kauliza kama nimekula. Nimesema ndiyo. Uongo.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimerudi. Niandike kabla sijaanza kuipamba.

Kamati ilikaa kwenye chumba cha mapokezi. Mkuu wa chanjo katikati, wazee wa kituo kushoto na kulia kwake. Sista Rukia peke yake kwenye benchi, sare imepigwa pasi, ingawa alikuwa ameambiwa asiivae. Candia alikuja na shati jeupe na ile sauti yake ya kuuza. Akaanza na "makosa ya watumiaji." Nikasimama kabla hajafika mbali.

Nikasema: Sista hakufuta kitu. Alihifadhi namba akazima, kama watu wote wa hapa wanavyozima. Mashine yetu haikuwa imetengenezwa kuvumilia hilo. Tulipaswa kulijua. Chanjo zimeharibika kwa sababu yetu.

Candia aliangalia viatu vyake. Mkuu wa chanjo hakubadilika uso. Akasema, "Maneno iko mingi. Onyesha."

Kwanza kisanduku cha zamani. Nikampa Sista, akafanya kwa mikono yake, bonyeza, zima, washa. Nikaichomoa kadi, nikaiweka kwenye kompyuta ya mkuu mwenyewe. Faili tupu. Akalifungua mara mbili, asiamini. Mzee mmoja akauliza, "Kwani sisi wote hatufanyi hivyo?"

Kisha kipya. Sista akabonyeza, akazima, akawasha. Namba mpya kwenye kioo. Tena. Mpya. Wazee wakataka kujaribu. Kila mmoja alizima kwa namna yake, mwingine alikipiga kama redio. Kikashika. Nikaanza kupumua.

Mkuu akakichukua. Hakutumia swichi. Aliingiza namba nyingine, akabonyeza na kung'oa waya wa betri kwa nguvu, kwa mkupuo mmoja. Akaurudisha.

Namba ya zamani.

Mkuu akatugeuzia kioo. "Imesahau," akasema. "Ni ile ile."

Nilikuwa na maelezo yote, ya kidole na ya mahali papya, nimeyafanyia mazoezi njia nzima kutoka Arua. Hata neno halikutoka. Aliyesema ni Candia. Alisogea, akamwonyesha kioo. Mheshimiwa, baridi iko sawa. Simu ya Sista iko sawa. Kilichokosekana ni neno la mwisho tu, ambalo ulilikata mwenyewe likiwa bado njiani, na kisanduku kinakwambia wazi kwamba hakikulipata. Kile cha kwanza kingekuwa kimeshaanza kugandisha.

Alisema vizuri. Vizuri kuliko nilivyokuwa nimepanga. Sikutegemea.

Mkuu akaingiza namba tena. Safari hii alizima kwa swichi. Mpya. Akang'oa waya. Mpya. Akang'oa tena na tena, kama anayemtafutia mtu kosa, na kila mara kulikuwa na kitu kizima kwenye kioo.

Wakatutoa nje. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Kongo. Sista Rukia alisimama karibu nami, akauliza kwa sauti ya chini, "Kumbe ile siku, taa ilinidanganya?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi nilikuwa naona labda mikono yangu imezeeka." Hapo nikalia. Sikuweza kujizuia, na sikujaribu.

Uamuzi: Sista anarudi Jumatatu. Sisi, vituo vingine tusahau mpaka kila kisanduku cha zamani kitolewe na kipya kikae msimu mzima bila kosa. Mkuu hakuomba radhi. Alimwambia tu Sista alete sare nyingine, hii itachafuka, kuna kazi.

Njiani kurudi, tulipopita Maracha, Candia akasema msimu mzima si mrefu sana. Hakutaja ile karatasi nyekundu, nami sikuitaja.

Jumatano, 24 Septemba

Koboko. Tumemaliza kubadilisha visanduku. Chanjo mpya zimefika na leo ni siku ya watoto. Nilikuwa nimekuja kutazama kisanduku kikifanya kazi, nikakuta sina pa kusimama. Akina mama wamejaa mpaka barazani. Nikapewa chai na kona ya benchi, kati ya mwanamke mwenye pacha na mwingine aliyesinzia.

Umeme ukakatika katikati ya zamu. Betri nayo ikayumba, kioo cha kisanduku kikawa cheusi. Nilisimama. Kikawaka tena, kikaonyesha kinachokumbuka, baridi na namba za simu, kikarudi kwenye joto lake.

Hakuna aliyegeuka. Sista Rukia alikuwa ameshika paja la mtoto, miwani imemshuka puani, anamwimbia kitu ili asiione sindano. Mtoto akalia. Mama yake akacheka. Nesi akaita jina linalofuata.

Yule wa pacha akaniuliza kama ninangoja chanjo. Nikasema hapana, nimepita tu. Akanipa mtoto mmoja nimshikie, akaingia na mwingine.